Chumvi Ndani ya Turbini

Vijana wa karakana, mliniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kuisahau. Vyeo na mishahara sitaviandika, havimsaidii mtu anayeshika spana. Nitaandika mambo yaliyonishtua, kwa sababu nimeshtuka katika kazi hii kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kila nilichokijua vizuri nilikijua baada ya kushtuka. Nimestaafu mwezi uliopita. Nakaa hapa Lilongwe, Area 49, upande wa Gulliver, na diploma yangu iko ukutani sebuleni, mkabala na mlango. Anayeingia hana budi kuiona. Nimeitundika pale makusudi.

Mimi ni mtoto wa Bukavu. Nilifika hapa Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nikiwa na miaka kumi na tisa, na bisibisi mbili za marehemu baba, aliyekuwa fundi wa cherehani. Kambini nilitengeneza injini za chigayo, zile za kusagia mahindi, hapo na katika vijiji vya jirani. Wenzangu wengi walikuwa wanasubiri majina yao yatoke wapelekwe Kanada au Amerika. Jina langu halikutoka, nami sikukaa kulisubiri. Nilikwenda Afrika Kusini, nikaosha magari mchana na kusoma jioni, na baada ya miaka sita nilikuwa na diploma ya injini za ndege. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nikinyamaza hakuna atakayelisema.

Kisha nikarudi. Hilo ndilo watu hawakulielewa. Jirani yetu wa zamani, mshonaji wa kutoka Uvira, alinikuta nashuka na sanduku langu, akaniangalia kama ameona mzimu.

"Ulirudi? Huku mu Dzaleka?"

"Nimerudi."

"Balikufukuza?"

"Hapana. Nina diploma."

"Na ile diploma njo imekurudisha huku?" Akacheka mpaka akashika mlango asianguke.

Miezi minne baadaye nilikuwa na kibali cha kazi na ovaroli ya buluu katika karakana yetu pale karibu na uwanja wa ndege wa Lilongwe. Yule jirani aliacha kucheka. Baadaye aliniomba nimtafutie mwanawe kazi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa mzee wa karakana, Bambo Gondwe. Nyinyi wengi hamkumkuta. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya uleule tunaofungia nati zisilegee. Alinipeleka kwenye stendi iliyofunikwa turubai, akalivuta. Nilidhani ananionyesha kipande cha injini. Chuoni tulijifunzia injini kubwa ya ndege ya abiria, iliyopasuliwa ubavu ili tuone matumbo yake. Hii ilikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la pili.

"Nyingine iko wapi?" nikauliza.

"Nyingine ipi? Ndiyo hii. Watu wanne mnaibeba. Nguvu yake ni ya malori manne, bambo."

Nilikuwa nimeisoma, lakini kuisoma na kuiona ni vitu viwili. Hewa inaingia mbele, kompresa inaibana, mafuta yanawaka ndani yake, na gesi ya moto inakimbilia nyuma. Njiani inazungusha turbini ya kwanza, inayoendesha kompresa. Halafu inazungusha turbini ya pili, na hii ya pili haikuungana na ya kwanza hata kwa bolti moja. Inasukumwa na ule upepo wa moto peke yake, na ndiyo inayozungusha rafadha kubwa iliyo juu ya helikopta. Nilisimama pale nikakokotoa kichwani: rubani, msaidizi wake, askari wanane, chuma chote kile, vyote vinaning'inia kwenye upepo.

"Kwenye upepo?" nikamwambia.

"Kwenye upepo," akasema Bambo Gondwe. "Ukitaka kulala vizuri usilifikirie sana."

Karakana yetu ilihudumia helikopta za aina mbili: za kijeshi, zilizokuja kwa zamu, na mbili za uokoaji, zilizokuwa zetu za kila siku. Mwaka wa kwanza iliingia helikopta ya jeshi iliyotoka kufanya kazi mwaka mzima katika nchi ya vumbi. Rubani wake alilalamika kwamba haipandi. Tulipenyeza kamera ya nyoka, ule mrija mwembamba wenye taa na jicho mbele, na nikaona kitu kinang'aa kwenye vyuma vinavyoelekeza moto kwenye turbini. Kilikuwa kioo. Mchanga uliingia na hewa, ukayeyuka katika moto, kisha ukaganda kwenye chuma baridi kidogo kama sukari iliyoungua sufuriani. Sikuamini mpaka Bambo Gondwe alipovunja kipande na kuniwekea kiganjani. Ninacho mpaka leo.

Alikuwa na tabia ambayo sitaki mtu yeyote wenu aiige. Kabla hatujaosha injini alipitisha kidole kwenye mapanga ya mbele ya kompresa, akakilamba. "Vumbi la barabara," alisema. Au, "Hili ni jivu, wameanza kuchoma nyasi huko Dowa." Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Baada ya miezi mitatu na mimi nilikuwa nalamba. Msifanye hivyo. Kuna mafuta na sabuni humo zinazoweza kuwaharibia ini. Lakini sitawaficha kwamba nilijifunza.

Kuosha ndiko nitakakokaa kidogo, kwa sababu ndiko habari hii iliko. Mnajua utaratibu. Injini inazungushwa kwa starta bila kuwasha moto, sabuni inapulizwa ndani, inaachwa iloweke, kisha inasuuzwa kwa maji safi mara mbili au tatu. Lilongwe kuna vumbi jekundu nusu ya mwaka na moshi nusu nyingine, kwa hiyo tuliosha mara nyingi kuliko kitabu kinavyodai. Maji yenyewe lazima yawe yale ambayo mitaani huitwa maji ya betri, maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kurudi kuwa maji, yasiyo na kitu chochote ndani. Sisi tuliyatengeneza wenyewe katika chumba kidogo nyuma ya karakana. Na kabla ya kila kuosha, fundi anayesaini anatakiwa atumbukize kipima, kile kifaa kama kalamu nene, asome namba, na aandike katika kisanduku cha kitabu cha injini: maji yamepimwa.

Mashine ya maji ilipohitaji mtu wa kuisimamia, nilimpendekeza Mama Neema. Alikuwa mjane wa kutoka kwetu Bukavu, aliyekuwa akishona sketi za shule kule Kauma, mwanamke mwangalifu kuliko mafundi wengi niliowajua. Alisugua mitungi yake mpaka ikawa inaona haya. Aliandika tarehe kwa kalamu nyeusi kwenye kila dumu. Mwaka wa kwanza nilipima maji yake kila siku, na kila siku namba ilikuwa karibu na sifuri. Mwaka wa pili nilipima Jumatatu tu. Mwaka wa tatu nilikuwa naangalia dumu, naona jinsi maji yalivyo meupe, na kuandika katika kisanduku: maji yamepimwa. Ninaweza kuwaandikia hili kwa sababu nimekwisha kuliandika mahali pagumu zaidi.

Bambo Gondwe alistaafu akarudi kwao Likuni. Mimi nikapewa idhini yake ya kusaini injini peke yangu, mkimbizi wa kwanza katika karakana ile kupewa idhini hiyo, na kwa kadiri nijuavyo wa mwisho mpaka sasa. Jumapili iliyofuata nilikwenda Dzaleka kufanya shukrani kanisani. Nilivaa suti. Niliiweka diploma kwenye fremu, nikapanda nayo madhabahuni. Waliponipa kipaza sauti nilikaa nacho muda mrefu. Niliwaambia jinsi nilivyoosha magari, jinsi helikopta inavyoning'inia kwenye upepo, jinsi maisha ya watu yalivyo chini ya saini yangu. Nikamalizia hivi: "Na yale maji yanayoingia ndani kabisa ya injini, pale ambapo hata rubani hafiki, yanatoka katika mikono ya mama wa kanisa hili. Mama Neema, simama." Akasimama. Kanisa lote likapiga vigelegele.

Kwetu mtu akifungua duka au kununua cherehani, kina mama wa maombi humpa chumvi waliyoiombea. Anaitia katika maji ya kudekia sakafu, au anainyunyiza mlangoni, ili kazi isiharibike. Mimi pia walinipa kifurushi changu siku ile. Niliwashukuru, nikakitia mfukoni, na nikakisahau humo mpaka suti ilipokwenda kufuliwa. Sikufikiria kwamba siyo mimi peke yangu niliyepewa.

Huo ulikuwa mwezi wa nne. Mvua kubwa zilikuja miezi kumi baadaye.

Mliokuwapo mnakumbuka wiki ile. Mto Shire ulifurika kule kusini, na helikopta zetu zote mbili zilishuka kuwatoa watu juu ya mapaa na miti. Ya kwanza ilirudi siku ya nne kwa ukaguzi. Rubani aliniambia injini ya kushoto ina homa, yaani kwa nguvu ileile iliyokuwa ikitoa, joto la gesi lilikuwa limepanda. Niliangalia namba. Limepanda nyuzi ishirini na mbili katika wiki chache. Injini huchakaa polepole kama kiatu. Hii ilikuwa imechakaa kama mtu aliyenyweshwa sumu.

Nilipenyeza kamera. Mapanga ya turbini ya kwanza yalikuwa na malengelenge ya kijani na kijivu, na ncha zake mbili zilikuwa zimelika kama mkate ulioguswa na panya. Nilirudi mbele, kwenye kompresa. Kulikuwa na utando mweupe, mkavu, mwembamba. Nilipitisha kidole na, Mungu anisamehe, nikakilamba.

Chumvi.

Nilikaa chini sakafuni. Mafundi wa nchi za pwani wanaijua hiyo, wanaosha kila siku kwa sababu yake. Lakini sisi bahari iko wapi? Hata ziwa letu ni la maji baridi, tunalinywa. Nililamba tena, nikitumaini ulimi wangu umekosea. Ilikuwa chumvi ya jikoni, ile ya kutia kwenye mboga.

Nilichukua kipima, nikaenda chumba cha maji. Vumbi lilikuwa juu yake, nililazimika kukipangusa. Nilikitumbukiza katika dumu la jana, na namba ikaruka mpaka mwisho, ikabaki inameta. Mama Neema alikuwa anakunja vitambaa.

"Mama Neema, katika haya maji kuna nini?"

Akatabasamu. Hilo ndilo ambalo bado linanijia. Alitabasamu kama mtu aliyefurahi kwamba hatimaye ameulizwa.

"Ni ile chumvi ya maombi, papa. Bamama ba ku kanisa balinipatia siku ya shukrani yako. Balisema, we njo unagusa maji inaingia ndani, basi utie humo, zile ndege zisianguke hata siku moja."

"Unatia kiasi gani?"

"Kiganja kidogo tu. Kwa kila dumu. Na ninataja jina ya kila pilote."

"Tangu shukrani?"

"Tangu shukrani. Ikiisha banatuma ingine." Ndipo akaona uso wangu. "Papa Bahati? Ni nini?"

Nilikuwa nimekumbuka helikopta ya pili. Iliondoka na madumu yetu mawili ya maji, na fundi aliyeandamana nayo alikuwa ameiosha jioni ya jana yake kwa maelekezo yangu. Nilikimbia kwenye simu.

Helikopta ile ilikuwa chini ya Kapteni Msiska, kijana wa Rumphi aliyependa kuniita profesa. Nilimpata kwa simu akiwa kwenye uwanja wa shule walipokuwa wanajazia mafuta. Ilikuwa saa saba mchana.

"Profesa, sema haraka. Nina watu kumi na mmoja juu ya paa la kinu cha mpunga, na ukuta mmoja umeshaanguka."

"Usiwashe."

"Unasema?"

"Usiwashe injini. Maji tuliyoioshea yana chumvi."

"Chumvi ya wapi? Hii ni Malawi."

"Ya jikoni. Nitakueleza ukirudi. Kuna boti karibu?"

"Boti imejaribu mara mbili. Mkondo unaitupa. Bambo, wale watu ninawaona kutoka hapa nilipo."

Nilimwambia awashe akiwa chini, apandishe nguvu mpaka pale kitabu kinaposema, anisomee namba. Akasoma. Injini ya kushoto ilikuwa na akiba. Ya kulia ilikuwa nyuzi mbili tu kabla ya mstari ambao ukiuvuka huruhusiwi kuruka. Kwa hiyo kwa sheria alikuwa anaruhusiwa. Nilijua pia kwamba aliyeuchora mstari ule alifikiria injini iliyochakaa taratibu, hakufikiria injini inayoliwa. Panga moja likikatika ncha, mengine yatafuata, na akiwa ananing'inia juu ya paa na watu kwenye kamba hana kimo cha kutosha angani cha kujiokoa. Kulikuwa na watu watatu ndani ya helikopta na kumi na mmoja juu ya paa, na wote walikuwa wanasubiri niseme neno moja. Nina diploma, na hakuna ukurasa wowote nilioufundishwa uliokuwa na jibu hilo.

"Toa viti vyote," nikasema. "Ng'oa milango ya nyuma. Mwaga maji, yote. Bakiza mafuta ya dakika arobaini, utajaza kila safari. Fundi ashuke abaki chini. Wabebe watatu watatu, na usisimame juu yao zaidi ya unavyolazimika. Injini ya kulia ikipita mstari wa kitabu, ipunguze nguvu, utue popote palipo pakavu."

"Hakuna pakavu popote, profesa."

"Basi rudi hapo ulipo. Ni karibu. Kwa injini moja, ukiwa mwepesi hivyo, itakubeba."

"Una uhakika?"

"Hiyo ya kushoto nina uhakika nayo," nikasema, na nilikuwa nasema uongo kidogo.

Fundi aliyebaki chini aliendelea kushika simu. Mama Neema alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Nilitaka kumpigia kelele. Badala yake nilimshika mkono nikampeleka kwenye ile injini iliyorudi, nikamwekea jicho kwenye kamera. Aliangalia muda mrefu.

"Hii ni ile chumvi ilifanya?"

"Katika moto, ndiyo. Inakula chuma."

"Lakini samaki inaizuia isioze." Akaondoa jicho kwenye kamera. "Nyama pia. Mi nilizani itazuia na chuma. Papa, mi nilizani ninailinda."

Nikarudi kwenye simu. Safari ya kwanza ilirudi salama, watatu. Fundi alisema wawili ni wazee. Ya pili, watatu, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni, ambaye hakuna aliyemhesabu, kwa hiyo walikuwa wanne. Ya tatu, watatu. Kila safari Kapteni alinisomea namba ya injini ya kulia, na kila safari ilikuwa imepanda kidogo. Kabla ya safari ya nne ilikuwa imefika kwenye mstari wenyewe, imeugusa kabisa.

"Wamebaki wawili," Kapteni Msiska akasema kwenye simu. "Paa limelala upande. Usinijibu, profesa. Ninakuarifu tu."

Akaondoka. Mama Neema alipiga magoti kando ya meza ya vifaa, na safari hii hakutaja majina ya marubani wote, alitaja moja. Safari zilizopita zilichukua dakika kumi na mbili, kumi na tatu. Kumi na tano zikapita. Ishirini. Nilimsikia yule fundi kule chini akihema kwenye simu. Halafu nikasikia rafadha, na mlio wake haukuwa wa kawaida. Ulikuwa mlio wa injini moja.

"Ameshuka," fundi akasema. "Wote wako. Injini ya kulia imezimwa."

Panga lake lilikuwa limepasuka wakati yule mtu wa mwisho akiwa bado kwenye kamba. Kapteni alisikia mshindo, akaipunguza nguvu, akaizima, akatoka pale juu ya paa na injini moja na mtu ananing'inia chini yake, akamleta hivyohivyo mpaka uwanja wa shule. Yule mtu alipowekwa chini, wa kwanza kumkimbilia alikuwa mkewe. Nilielezwa hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kwa mara ya pili siku ile.

Injini ililetwa kwa lori. Kapteni Msiska alikuja nayo, akaomba kuiona. Aliangalia pale panga lilipokuwa, na matundu liliyoyatoboa likipita nyuma. Mama Neema alikuwa mlangoni, hajala kwa siku mbili.

"Ni mi njo nilitia, kapteni," akasema. "Si yeye. Mi."

Kapteni akanitazama ili nimtafsirie, nami nikatafsiri, na nikaeleza habari ya kiganja cha chumvi na majina. Nilidhani Kapteni atamfukuza pale pale.

"Mwulize, jina langu alikuwa anataja?"

"Kila siku," Mama Neema akasema nilipomwuliza.

"Mwambie aendelee kutaja," akasema Kapteni Msiska. "Chumvi tu aache. Zikomo, mayi," akamshukuru mwenyewe kwa Kichewa. Akatoka nje, na huko nje nikamwona ameinama ameshika magoti, anatapika.

Asubuhi ya pili yake Mayi Nyirenda, mama aliyekuwa mkuu wa karakana, aliniita ofisini. Kitabu cha injini kilikuwa wazi mbele yake. Aliweka kidole kwenye kisanduku kimoja, akakihamisha kwenye kingine.

"Maji yamepimwa. Maji yamepimwa. Hapa pia. Bambo Bahati, yalipimwa?"

Hakuniangalia. Aliangalia dirishani, akaongea polepole. "Kile kipima ni cha zamani. Kingeweza kuwa kibovu. Au ni mfanyakazi wa maji aliyefanya jambo ambalo hakuna mtu angelitarajia. Ripoti inahitaji sababu moja. Wewe ndiye fundi wangu bora."

Nawaambia nyinyi ambao mtakaa siku moja kwenye kiti kile: nilifikiria. Mama Neema angepoteza kazi, na bila kazi kibali chake kingekwisha, na angerudi kambini, na mimi ningebaki na idhini yangu. Nilifikiria dakika nzima. Katika yote niliyowaandikia humu, kioo, upepo na chumvi, hakuna kilichonishtua kama ile dakika. Yule mtu niliyeosha magari ili niwe yeye alikuwa amekaa pale anapima kama mwanamke mmoja mjane anatosha kulipia jina lake.

"Kipima ni kizima," nikasema. "Yeye alitia chumvi. Lakini kisanduku kiliwekwa pale kwa sababu mtu yeyote anaweza kutia kitu chochote. Ningepima siku ya kwanza, ningeiona siku ya kwanza."

"Unajua nitakachokufanyia."

"Najua."

Mama Neema alibaki. Anapima maji yake mwenyewe sasa, kisha fundi anapima tena, kama mjuavyo. Kina mama wa Dzaleka nilikwenda kuwaeleza mwenyewe, kwenye kipaza sauti kilekile, na sikukaa nacho muda mrefu. Mimi niliendelea na kazi miaka yangu iliyobaki bila idhini ya kusaini, na kila nati niliyoikaza mmoja wenu aliikagua na kuisaini. Mlikuwa mnaona haya kunisainia. Msione haya. Mlisaini vizuri.

Siku ile Mayi Nyirenda alinipa kalamu yake kwa sababu yangu ilikataa kuandika. Ukurasa bado uko katika kitabu cha ile injini ya kulia, mnaweza kuutafuta. Niliandika kwa herufi kubwa ili usomeke: Maji hayakupimwa. Mimi niliandika kwamba yamepimwa. Halafu nikasaini, jina kamili na namba ya diploma, na hiyo ndiyo saini yangu ya mwisho katika kitabu cha injini.